Dakika Kumi za Saima Rautio

Barua ya ajira ya Arlys Koskela ina tarehe 2 Machi 1992, siku ya Jumatatu, na inampa kazi moja tu: kuhesabu. Atamhesabu kila mtu katika kaunti ambaye degedege limemshika kwa nusu saa au zaidi bila kumwachia, au limemrudia tena na tena bila fahamu kumrudia katikati. Ataandika umri, saa lilipoanza, saa lilipokoma, na chanzo chake kama kinajulikana. Siku ya thelathini atauliza kama mtu huyo yu hai. Barua inamalizia kwa sentensi iliyopigiwa mstari: mhesabuji haingilii matibabu.

Alikuwa na umri wa miaka hamsini na mitatu, mjane, na miaka ishirini na miwili ya maisha yake ilikuwa imepita katika chumba cha mafaili cha hospitali ya Salmela, kaskazini mwa Minnesota. Watu wa chuo kikuu walipokuja kutafuta mhesabuji walitaka nesi, lakini manesi wote walikataa, maana hakuna aliyetaka kushinda na makaratasi wakati wodi imejaa. Arlys alikubali kwa sababu alidhani ni kazi nyepesi. Kaunti ina watu elfu arobaini na tatu. Alimwambia dada yake kwamba kwa mwaka huenda akapata wawili, wakizidi sana watatu, na siku zilizobaki atafuma soksi.

Mwaka wa kwanza alipata kumi na tisa.

Aliposherehekea mwaka wa tatu, kadi kwenye kisanduku chake cha bati zilikuwa hamsini na nane. Mtu mmoja kila siku kumi na tisa, katika kaunti ambayo magazeti yake hukaa wiki nzima bila habari zaidi ya mashindano ya mpira wa magongo. Thelathini na mmoja kati yao hawakuwahi kuanguka kifafa hata mara moja kabla ya siku hiyo. Walikuwa wanapanga viazi, wanafunga kamba za viatu, wanaimba kanisani. Kumi na watatu hawakufika siku ya thelathini.

Namba hizo alizijua kwa moyo, lakini hazikuzoeleka. Alikuwa na kadi ya msichana wa miaka minne ambaye alitetemeka kwa saa moja na dakika kumi, homa imempanda, madaktari watatu wamemzunguka, na kesho yake asubuhi akaamka akauliza kwa nini hakuna aliyempikia chapati za maji. Katika kadi kumi na saba za watoto hapakuwa na kifo hata kimoja. Kadi iliyofuata ile ya msichana ilikuwa ya fundi bomba wa miaka sitini na sita, mwenye nguvu za kubeba boila peke yake. Alitetemeka dakika thelathini na nne tu, akafa siku ya tano. Arlys aliziweka kadi hizo mbili pamoja kwenye kisanduku, moja nyuma ya nyingine, na mara nyingine alizitoa akazitazama kama mtu anayetazama nyota.

Shida ya kazi yake ilikuwa saa ya kuanza. Saa ya kukoma mara nyingi iliandikwa na mtu mwenye koti jeupe. Saa ya kuanza ilikuwa jikoni, zizini, au kwenye kibanda cha sauna, bafu la mvuke la Kifini, kwa watu waliolelewa kutojitangazia shida. Ukiwauliza ilichukua muda gani, watakujibu "kidogo tu". Mkulima mmoja alimwambia kwamba mkewe alitetemeka kidogo tu. Walipoendelea kuongea ikajulikana kwamba katika hicho kidogo alikuwa amekamua ng'ombe kumi na wanne. "Sasa ng'ombe wangengoja?" alisema. Tangu siku hiyo Arlys aliacha kuuliza muda. Aliuliza: ulifanya nini? Kisha akajumlisha kazi.

Jumatano ya tarehe 8 Machi 1995, saa tisa na nusu alasiri, alishuka chumba cha dharura kama kawaida yake kuangalia nani ameingia. Karatasi ya gari la wagonjwa ilimtaja Waino Rautio, miaka sabini na mitatu, dereva mstaafu wa treni ya mawe ya chuma. Simu ilipigwa saa saba na dakika mbili. Gari lilifika saa saba na dakika ishirini. Mgonjwa alikutwa ametulia, hajitambui. Muda wa degedege: dakika kumi, kwa maelezo ya mke.

Dakika kumi hazikuwa kazi ya Arlys. Angeweza kugeuka akarudi ghorofani. Lakini alimfahamu huyo mke.

Saima Rautio alikuwa ameketi kwenye ukumbi wa kusubiria, koti limefungwa vifungo vyote, theluji ikiyeyuka kwenye buti zake. Yeye na Arlys walikuwa wameosha vyombo pamoja kwenye jiko la chini ya kanisa la Kilutheri kwa miaka mingi kuliko wote wawili walivyopenda kukumbuka.

"Kahawa, Saima?"

"Aa, usijisumbue."

"Iko tayari."

"Si lazima, kweli."

"Nimeshamimina."

"Haya basi. Nusu kikombe."

Alipewa kikombe kizima na akakipokea.

"Wanasema amelala," Saima alisema. "Daktari anasema ubongo ukichoka hulala. Tutamwona asubuhi."

"Alipoanguka, wewe ulikuwa unafanya nini?"

"Mimi? Naingiza mkate kwenye oveni. Wa iliki. Si leo ni Jumatano, watu wanakuja sauna." Alipuliza kahawa. "Nikasikia kishindo. Namkuta chini, kati ya meza na jokofu, anatetemeka mwili mzima. Nikamlaza ubavu, nikamtilia mto. Nikamwambia, Waino, acha hayo."

"Akaacha?"

"Lini huyo alinisikiliza?" Alicheka kidogo, kisha akafunika mdomo kwa mkono kama aliyecheka ibadani.

"Ukapiga simu."

"Saa ile? Mwenzangu, Dale yuko darasani na watoto walioshika misumeno. Yule mwingine yuko dukani peke yake. Niwatoe watu kazini kwa jambo ambalo pengine litapita? Nikasema ngoja kwanza."

Gari la wagonjwa la Salmela huendeshwa na majirani wanaojitolea. Kumpigia Dale simu ni kumfanya mwalimu wa useremala aache darasa lake, na mji mzima utajua kabla ya chakula cha jioni ni nani aliyemtoa.

"Ukawa unangoja huku unafanya nini?"

"Moto wa sauna, siwezi kuuacha ukiwaka. Nikatoka, nikaufunga hewa. Narudi, bado. Nikambadilisha soksi."

"Soksi?"

"Ya kushoto ilikuwa na tundu, Arlys. Dale aje aone tundu?"

"Mtu anatetemeka na wewe unamvalisha soksi."

"Si rahisi, nakuambia. Halafu mkate ukaiva, nikautoa. Nikafagia theluji ngazini wasije wakateleza na machela. Ndipo nikapiga."

"Na wakati wote huo anatetemeka."

"Mpaka nilipoliona gari linakata kona. Hapo ndipo aliponyamaza, kama aliyeona haya."

"Mkate ulikuwa umeungua?"

"Mkate wangu?" Saima alimtazama kama mtu aliyetukanwa.

"Basi unakaa ndani muda gani?"

"Dakika ishirini na tano. Miaka arobaini na sita sasa, haijawahi kuwa ishirini na sita."

Arlys alijumlisha. Hakuhitaji karatasi. Ishirini na tano za mkate, kumi na mbili za kufagia ngazi ile ndefu ambayo Arlys aliijua, kumi na nane za kungoja gari. Saima naye alikuwa anajumlisha. Ilionekana kwenye kikombe, ambacho kilikuwa kimesimama katikati ya safari ya kwenda mdomoni.

"Mimi nilidhani ni kumi," alisema.

"Najua."

"Arlys, nisingesema uongo."

"Najua, Saima. Kunywa kahawa."

Katika kadi hamsini na nane ilikuwemo ya yule fundi bomba. Naye alikuwa ametulia. Naye aliachwa alale mpaka asubuhi. Mashine ya kuchora umeme wa ubongo ilipofungwa kichwani mwake siku ya tatu ikaonyesha kwamba mwili ndio uliotulia. Ndani degedege lilikuwa halijakatika hata dakika moja. Hakuna aliyelaumiwa, kwa kuwa hakuna kitu ambacho jicho lingeona. Arlys alikuwa ameinakili ripoti hiyo kwa mkono wake.

Mashine ya ubongo ilikuja Salmela mara moja kwa wiki, ikiletwa kutoka Duluth na fundi aitwaye Clem Bouvette. Ilikuja Jumatano na kuondoka saa kumi. Ilikuwa saa kumi kasorobo. Arlys alikuwa na dakika kumi na tano, na barua yenye sentensi iliyopigiwa mstari.

Alimkuta daktari Teague, kijana wa miaka thelathini na mmoja, akiandika amesimama.

"Daktari, yule Rautio hazikuwa dakika kumi. Ni hamsini na tano."

"Mkewe amesema kumi."

"Mkewe alisema pia hataki kahawa."

Teague aliinua kichwa. Arlys alimweleza mkate, soksi na ngazi, kwa mpangilio, bila kupandisha sauti, kama alivyokuwa akijaza kadi. Alimweleza na fundi bomba, bila kumtaja jina. Daktari alisikiliza mpaka mwisho, na hilo Arlys alilisema baadaye kwa kila aliyemuuliza: alisikiliza mpaka mwisho.

"Ana saa mbili na nusu hajaamka," Teague alisema polepole. Kwa dakika kumi za degedege, mzee huyo alipaswa kuwa ameanza kufumbua macho, kunung'unika, kusukuma mikono ya watu. "Clem yuko wapi?"

Clem alikuwa mlangoni, kofia kichwani, mashine mbele yake kwenye magurudumu.

"Clem, rudi."

"Arlys, mama, dhoruba inakuja kutoka magharibi na mimi nina maili sabini mbele yangu."

"Dakika ishirini."

"Dakika ishirini za kwenu huku ni saa nzima. Nyinyi nimeshawajua."

"Daktari ndiye anayekuita, si mimi."

"Waya ishirini na moja nimeshazikunja," Clem alisema, lakini tayari alikuwa ameigeuza mashine.

Alizibandika waya moja moja kwenye kichwa cha Waino, akiguna, akilaani unga wa gundi, akimwambia mzee kwamba ana nywele nyingi kuliko haki ya umri wake. Waino alilala chali. Uso ulikuwa mtulivu kabisa, mashavu yamelegea, pumzi inakwenda. Ukimtazama haraka ungesema ni mtu aliyesinzia kwenye mahubiri. Ukimtazama kwa muda, kona ya kulia ya mdomo ilikuwa ikicheza, kidogo sana, kama uzi unaovutwa na mtu aliye mbali.

Clem akawasha mashine.

Kalamu kumi na sita ziliruka kwa pamoja. Hazikuandika mawimbi, zilipiga. Zilipanda na kushuka mpaka zikagongana, zikarusha wino nje ya mistari, na karatasi ikaanza kumiminika kutoka mezani, mita baada ya mita, imejaa meno meusi yaliyochongoka, yote yakielekea upande mmoja kwa wakati mmoja. Chumba kizima kilisikia mkwaruzo wake. Na kitandani hakuna kilichosogea ila ile kona ya mdomo.

Clem alivua kofia. Kisha akavua koti. Hakufanya mzaha tena jioni hiyo.

Kwa miaka mitatu Arlys alikuwa akihesabu kitu ambacho hajawahi kukiona. Alijua saa zake, vyanzo vyake, alijua kinachukua nani na kinamwachia nani. Hakujua kwamba kina nguvu hivi. Hakujua kwamba kichwa cha mtu, kitu kinachoenea ndani ya kofia ya sufu, kinaweza kubeba radi ya namna hii kwa saa tatu na zaidi, na uso ulio juu yake usiseme lolote. Alisimama na mikono imeshikana mbele, kama asimamavyo wakati wa baraka.

Saima alikuwa amekuja mpaka mlangoni. Hakuna aliyemzuia.

"Huo mchoro ni wa nini?"

"Ni wa Waino," Arlys alisema.

"Waino amelala."

"Hajalala, Saima. Hajalala tangu mkate."

Saima aliitazama karatasi ikijikunja sakafuni. Alimtazama mumewe, akarudi kwenye karatasi. Mwisho akauliza kwa sauti ndogo: "Muda wote huu yumo humo ndani peke yake?"

Teague alidunga sindano ya kwanza saa kumi na dakika tisa. Kalamu hazikujali. Alidunga ya pili. Zikapungua kidogo upande mmoja, kisha zikarudi kwa hasira. Akampigia simu mtaalamu wa Duluth, sikio limebana simu begani, akafungulia dripu ya dawa ya tatu, na nesi akasimama na mpira wa kupumulia tayari mkononi, kwa maana dawa inayozima degedege yaweza kuzima na pumzi. Mara mbili pumzi ilisita. Mara mbili nesi akamsaidia, ikarudi. Saima alishika mguu wa mumewe juu ya blanketi, kwenye ile soksi isiyo na tundu.

Saa kumi na dakika arobaini na moja meno yakaanza kuachana. Kati ya moja na jingine ikaonekana nafasi nyeupe, kisha nafasi pana zaidi. Kisha kalamu zote kumi na sita zikashuka, zikaanza kuchora mawimbi mapana ya polepole, na mkwaruzo ukakoma ghafla hata wakasikia saa ya ukutani. Clem alitazama saa yake, akaandika pembeni kwa penseli. Kona ya mdomo wa Waino ilikuwa imetulia.

"Hiyo ndiyo saa ya kukoma," Clem alimwambia Arlys.

Kadi ya hamsini na tisa inasema: lilianza saa sita na dakika ishirini na tano, likakoma saa kumi na dakika arobaini na moja. Saa nne na dakika kumi na sita. Kwenye nafasi ya maelezo, kwa mwandiko wake wa shule ya zamani, Arlys aliandika: Mhesabuji aliingilia. Chuo kikuu kilimtaka aeleze kwa maandishi. Alieleza kwa ukurasa mmoja, mkate ukiwemo, na mpaka sasa hajajibiwa.

Kilichobaki hakikuwa mikononi mwa yeyote. Picha ya kichwa ilionyesha kiharusi kidogo upande wa kushoto. Hicho ndicho kilichowasha moto. Kuzima degedege ni jambo moja, mtu kurudi ni jingine, na Arlys alilijua hilo kuliko Teague. Alhamisi asubuhi Waino alikuwa bado hajafumbua macho. Saima alimkuta Arlys kwenye korido, akamkamata mkono, jambo ambalo watu wa huko hawalifanyi.

"Hao wote uliowahesabu. Wa umri wa Waino huwa wanakuwaje?"

"Saima, kila mtu na wake."

"Usiniimbie. Mimi nimekwambia mpaka soksi."

Arlys alishusha sauti. "Waliopita miaka sitini ni ishirini na wanne. Kumi wamekufa. Wanane wamerudi, lakini si kama walivyokuwa. Sita wamerudi kama walivyokuwa."

"Sita."

"Sita."

"Kina nani?"

"Siwezi kukutajia."

"Mmoja ni Hjalmar wa posta, kila mtu anajua. Ananiibia kwenye karata mpaka leo." Saima aliachia mkono, akafunga tena kifungo cha koti ambacho kilikuwa kimefungwa. "Sita si kidogo," alisema, akarudi chumbani.

Arlys alibaki pale. Miaka mitatu alikuwa akiisoma namba hiyo kutoka upande wa wale kumi. Hakuwahi kukaa upande wa wale sita akaitazama kutoka huko, na alishangaa kuona ilivyokuwa kubwa. Wazee sita walikuwa wamepita ndani ya radi ile aliyoiona kwenye karatasi, wengine kwa saa nzima, na wametoka wakijua majina ya wajukuu wao. Ni nini kilichowashikilia? Hakuna kadi yenye nafasi ya kuandika hilo.

Ijumaa, saa moja na dakika ishirini asubuhi, Waino Rautio alifumbua macho. Neno la kwanza lilikuwa la Kifini cha mama yake, lugha ambayo hakuizungumza tangu alipoanza shule, na Saima peke yake ndiye aliyelielewa: aliomba maji. Alitafuta neno kwa muda mrefu kabla ya kulipata la pili. Mkono wa kulia ulikuwa mzito. Alipojaribu kushika kikombe kikamponyoka.

"Sauna," alisema baadaye, kwa Kiingereza, akimtazama mkewe kwa mashaka.

"Niliizima."

Alifikiri. "Jumatano?"

"Leo Ijumaa, mzee wangu."

"Nani... aliizima?"

"Mimi niliizima, na wewe uko chini kama gunia unatetemeka. Na soksi nikakuvalisha. Utanishukuru ukipata maneno."

Waino aliangalia miguu yake chini ya blanketi. Kona ya mdomo ikacheza, na Arlys, aliyekuwa amesimama mlangoni na kadi mkononi, alishika fremu ya mlango kwa hofu. Kisha akaona kwamba pande zote mbili zinacheza. Alikuwa anatabasamu.

Bado haijulikani kama atakuwa wa saba baada ya wale sita au wa tisa baada ya wale wanane. Kadi yake haina alama mpaka tarehe 7 Aprili, siku ya thelathini. Jumatatu tarehe 13 Machi alihamishiwa Duluth kwa wiki tatu, kujifunza upya kushika kijiko na kuyatafuta maneno yake. Saima alikwenda naye.